Mstari Mmoja Juu ya Kosa

Mwaka wangu wa pili chuoni nilipiga marufuku vifutio. Wanafunzi walidhani nimechanganyikiwa. Walikuwa watu wazima waliokuwa wakijifunza kuwa walimu wa shule za msingi, na tangu utoto wao waliambiwa kwamba kosa la hesabu ni uchafu. Walilisugua mpaka karatasi ikatoboka. Asiye na kifutio alitia mate kidoleni. Mimi nikawaambia kwamba katika darasa langu kosa halifutwi. Linapigwa mstari mmoja mwembamba ili liendelee kusomeka, na pembeni mtu anaandika limetoka wapi.

Nilikuwa nimechoka na madaftari safi. Daftari safi lilinionyesha jibu tu, na jibu peke yake halikunisaidia kujua mtu amefikiri nini. Nilitaka kujua kwa nini mtu mwenye akili zake timamu, anayeweza kukuambia bila kuandika shamba lake litatoa magunia mangapi ya korosho, akipewa hamsini na mbili toa ishirini na saba anaandika thelathini na tano. Nilipowauliza walifunika madaftari kwa viganja, maana swali la mwalimu wa hesabu lilikuwa kwao mwanzo wa adhabu. Ilinichukua muhula mzima kuwashawishi kwamba sikuwa na kiboko nyuma ya mgongo. Mmoja akaniambia, hatimaye, kwamba mbili haziwezi kutoa saba, basi alizitoa mbili kwenye saba, kwa sababu alifundishwa darasa la pili kwamba ndogo ndiyo hutoka kwenye kubwa. Nikaliandika hilo katika daftari langu la jalada jeusi. Hivyo ndivyo utafiti wangu ulivyoanza, bila mtu yeyote kuniomba niufanye.

Sikuwa mpole, na sitajisingizia upole sasa kwa kuwa nimezeeka. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mtoto wa katekista kutoka magharibi ya ziwa, mwanamke peke yangu katika idara ya hesabu, na nilijua kwamba nikicheka kabla ya saa nne asubuhi sitasikilizwa mpaka jioni. Nililetwa Mtwara na meli ya abiria na barua ya serikali. Nilipanga chumba mtaa wa Ufukoni, nikazoea jasho na chumvi, nikazoea pia kwamba Kiswahili changu cha shule kiliwachekesha wanafunzi kama chao kilivyonichekesha mimi. Wengi wao walikuwa na Kimakonde au Kimakua au Kiyao nyumbani. Serikali ilikuwa imeagiza shule za msingi zifundishe kwa Kiswahili, nasi tulikuwa tukifundisha hesabu kwa lugha ambayo wengi wetu hatukuzaliwa nayo. Ilinipendeza, kwa kweli. Hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya maneno aliyoyakariri.

Katika darasa la mwaka ule kulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye wenzake walimwita Babu. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Alitoka Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, na alikuwa amefundisha shule ya kijijini kwao miaka minane bila mafunzo yoyote, kwa elimu ya darasa la nane na moyo wake. Sasa wilaya ilikuwa imetangaza kwamba asiye na cheti hatafundisha tena. Alipewa nafasi moja ya kuja chuoni. Akifaulu, angerudi darasani kwake. Akishindwa, angerudi shambani na darasa angelisikia kupitia dirisha. Alinieleza hayo siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja urefu wake.

Tulikuwa na tatizo la salamu. Kwa umri ilinipasa mimi nimwamkie. Kwa cheo ilimpasa yeye. Tulipokutana ukumbini siku za mwanzo kila mmoja alisitasita, kisha tukasalimiana kwa habari za asubuhi na kupita upesi. Kwa miaka miwili hatukuamkiana kwa shikamoo hata mara moja. Nadhani hilo lilitufanya tuheshimiane zaidi, kwa kuwa kila mmoja alijua mwenzake anaiona ile shikamoo inayokosekana.

Yeye ndiye aliyeielewa sheria yangu kuliko wote. Wengine walipiga mstari mmoja kwa kunitii. Babu alipiga mstari, akakaa, akalitazama kosa lake mpaka akaijua nasaba yake. Pembeni aliandika kwa herufi ndogo zilizolala upande: limetoka kwenye haraka; limetoka kwa mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambaye naye alikosea; hili sijui limetoka wapi, nitalitazama tena kesho. Na kesho yake alilitazama kweli. Nilikuwa nikiweka daftari lake chini kabisa ya rundo, ili nilisahihishe mwisho, kama mtoto anavyobakiza kipande cha nyama.

Mkuu wa chuo hakuufurahia utafiti wangu. Aliniita ofisini, akanikalisha, akanieleza kwa adabu kwamba nchi inahitaji walimu, kwamba muda ni mfupi, na kwamba jambo kama lile linahitaji kibali kutoka Dar es Salaam. Mpaka kibali kije, niliache. Kisha akaniambia kwamba jina langu limependekezwa kwenda masomoni, na kwamba mapendekezo ya aina hiyo huharibika kwa vitu vidogo. Nilimwelewa vizuri sana. Nikasema ndiyo, Bwana Mkuu. Nikatoka, nikaendelea na utafiti kimyakimya, nikijiona jasiri.

Mazoezi ya mwisho ya kufundisha Babu aliyafanyia katika shule moja upande wa Mnazi Bay. Hayo ndiyo yaliyokuwa na uzito, kwa sababu mkaguzi kutoka nje ya chuo alizunguka akiwatazama wanafunzi wetu mmoja mmoja, na alama yake ndiyo iliyoamua nani apate cheti. Mimi nilikwenda kama mkufunzi wake. Landrova ya chuo ilizama mchangani mara mbili, tukashuka kusukuma, nikafika na sketi yenye vumbi mpaka magotini. Darasa la tano lilikuwa pungufu. Ilikuwa wiki ya bamvua, maji yalikuwa yakitoka mbali, na wasichana kadhaa walikuwa miambani na mama zao wakitafuta pweza. Nilikaa dawati la nyuma, magoti yakigusa ubao wa dawati, daftari jeusi mapajani.

Babu aliandika ubaoni nusu jumlisha theluthi. Akauliza. Majibu matatu yakaja, yote si sahihi, naye akayaandika yote matatu ubaoni, akayapigia kila moja mstari mwembamba wa chaki. Kisha msichana mmoja wa miaka kama kumi na miwili akasema mbili ya tano. Alikuwa amejumlisha juu na juu, chini na chini. Kosa hilo nilikuwa nimeliona katika mamia ya madaftari, ya watoto na ya watu wazima, na katika daftari langu jeusi nilikuwa nimeliandikia neno moja tu: uzembe.

Babu aliliandika, akalipigia mstari, akamwuliza msichana limetoka wapi.

Yule msichana alisimama, akasema, “Juzi mama alichokoa mashimo mawili, akapata pweza mmoja. Jana akachokoa matatu, akapata mmoja. Mashimo matano, pweza wawili.”

Hakuna mtoto aliyecheka. Kila mmoja mle ndani aliijua hesabu ile, na ilikuwa kweli. Kalamu yangu ilisimama. Miaka yote niliyosoma na kufundisha, hakuna mtu aliyewahi kunionyesha kwamba ndani ya kosa lile kuna hesabu nzima iliyo sahihi, ila ni hesabu ya jambo lingine. Msichana akaendelea kusimama, akamtazama mwalimu wake, akauliza amekosea wapi basi.

Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua amefika saa ngapi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule nyingi za kuzungukia na njia za mchanga, na alichokiona ni ubao wenye majibu manne yaliyokosewa na hakuna hata moja lililo sahihi, dakika ishirini na tano baada ya kipindi kuanza. Alimwambia msichana akae. Alimwuliza Babu jibu liko wapi. Babu akajibu kwa heshima kwamba bado hawajalifikia, kwanza walikuwa wanatafuta hili limetoka wapi.

“Ubao umejaa makosa,” mkaguzi akasema. “Nani amekufundisha kufundisha hivi?”

Nilikuwa hatua saba kutoka pale. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ni mimi niliyemfundisha. Niliyasikia kichwani wazi kabisa. Nikasikia pia sauti ya mkuu wa chuo ikitaja vitu vidogo. Babu hakugeuka kunitazama. Hata kwa pembe ya jicho hakunitazama, na mpaka leo naamini alijizuia ili nisionekane.

“Ni mimi mwenyewe, Bwana Mkaguzi,” akasema.

Mkaguzi aliandika, akapiga mstari, akatoka. Kipindi kikafa. Kwenye Landrova, wakati wa kurudi, nilijiambia kwamba nitalisema chuoni, mahali panapostahili, kwa utaratibu. Nilijiambia hivyo mpaka tulipofika mjini.

Kikao cha matokeo kilifanyika wiki mbili baadaye. Jina la Babu liliposomwa, na alama yake, na maneno ya mkaguzi kwamba mwanafunzi huyu anafundisha makosa, mkuu wa chuo aliinua uso akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Wakufunzi wenzangu walinitazama, kwa kuwa nilikuwa mkufunzi wake. Nikasema ni mwanafunzi mwenye bidii. Hilo ndilo nililoliongeza. Wakapita kwenye jina linalofuata.

Siku aliyoondoka alikuja Ufukoni kuniaga, na sanduku lake la bati begani. Nilitamani anitukane. Ningejua la kufanya na matusi. Ningekasirika, hasira ingenisaidia. Lakini alinipa daftari la shule, akasema humo ameandika makosa yote ya watoto wa shule ile, kila moja na lilikotoka, kama nilivyotaka. Aliniambia pia kwamba jioni ile, baada ya sisi kuondoka, alimtafuta yule msichana nyumbani kwao. Alimwambia kwamba hesabu yake ya mashimo ni sahihi, asimruhusu mtu kumwambia siyo. Kisha akachukua muhogo mmoja, akamkatia nusu, akamwongezea theluthi ya muhogo uleule, akamwuliza kama alichoshika kinapungua nusu. Msichana alisema hapana. Akamwonyesha kwamba mbili ya tano ni pungufu ya nusu, na akamwacha akae na jambo hilo. Babu alinieleza haya akiwa amesimama, sanduku bado begani, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Kisha akaenda kutafuta lori la kwenda Mahurunga.

Kibali hakikuja kamwe, lakini nafasi yangu ya masomo ilikuja. Nilikwenda. Niliandika tasnifu kuhusu makosa ya wanafunzi katika hesabu, na sura iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile ya pweza. Walimu wangu waliniuliza nilivumbuaje njia ya kumfanya mtoto aeleze chanzo cha kosa lake bila woga. Nilieleza kuhusu vifutio na mstari mmoja. Kuhusu aliyekuwa amesimama mbele ya ubao nilisema, mwalimu mmoja. Nilipongezwa, nami nikazipokea pongezi zote.

Nilirudi Mtwara katikati ya miaka ya sabini, nikapangiwa chuo kilekile. Mkuu alikuwa mwingine. Walimu walikuwa wakitafutwa kila mahali, hata wale wasiomaliza. Hapo ndipo nilipokaa kwenye mashine ya chapa nikaandika barua kwa wakuu wa elimu, nikieleza kwamba mwanafunzi fulani alifelishwa kwa njia ya kufundisha aliyoipata kwangu, kwamba njia ile sasa inafundishwa chuoni kwa idhini ya mkuu mpya, na kwamba naomba atahiniwe upya. Niliichapa mara sita. Ya sita nikaiona nzuri. Nikaipeleka kwanza Mahurunga, kwa sababu nilitaka aisome kabla ya wao kuisoma. Nasema hivyo, ingawa nadhani nilitaka pia nisamehewe.

Nilimkuta uani anageuza mpunga uliokuwa juani kwenye mikeka. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza mvi juu ya masikio. Watoto waliokuwa wakitoka shule walipita njiani wakamwamkia, shikamoo Mwalimu, mmoja baada ya mwingine, naye akawaitikia. Hakuwa mwalimu wa mtu kwa karibu miaka minne. Mkewe alinieleza baadaye kwamba watoto hawakukatazika, walikuja na madaftari yao jioni, na kwamba mwalimu mkuu alikuwa amemwomba asiwapokee, kwa kuwa si halali. Akaacha kuwapokea. Wakabaki na salamu.

“Shikamoo,” nikasema.

Alinyanyuka taratibu. Nadhani naye aliihesabu miaka yote ile ya habari za asubuhi. “Marahaba, Mwalimu,” akaitikia, akamwita mkewe alete kiti.

Tuliongea habari za njia, za mvua, za vishindo vya vita ng'ambo ya mto ambavyo sasa vilikuwa vimenyamaza. Kisha nikampa barua. Aliisoma akiwa amekaa kwenye ukingo wa baraza, akifuata mistari kwa kidole kilichojaa vumbi la mpunga. Alisoma polepole, nikaanza kuhesabu punje zilizobaki mguuni pake ili nisimtazame usoni. Alipofika nusu ya ukurasa kidole kilisimama. Akarudi juu kidogo, akasoma tena. Akaniomba kalamu.

Nilidhani anataka kuweka sahihi. Aliiweka karatasi gotini, akapiga mstari mmoja, mwembamba, ulionyooka kama wa rula, juu ya sentensi moja, na maneno yote yakaendelea kusomeka chini yake. Kisha akanirudishia.

Nilikuwa nimeandika: *Mimi mwenyewe siku ile sikuulizwa.*

“Hili limetoka wapi, Mwalimu?” akaniuliza.

Hakusema kwa ukali. Alisema vilevile alivyomwuliza yule msichana wa pweza, kama mtu anayetaka kujua kweli, na mwenye subira ya kungoja. Nilianza kumweleza jinsi mkaguzi alivyokuwa amemwelekea yeye, kwamba kwa maana halisi swali halikuwa langu. Nikajisikia nikijitetea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani, mbele ya mke wake na kuku wake, na nikalia bila kujificha uso. Yeye alingoja. Hakuniambia nisilie, na hakuniambia yamekwisha.

Nilipoweza, nikachukua kalamu. Pembeni ya mstari wake, kwa mkono, niliandika kwamba limetoka kwenye woga, kwamba niliulizwa mara mbili, darasani na kikaoni, na kwamba mara zote mbili aliyelipa ni yeye. Nikampa asome. Akasoma, akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akikubali hesabu ikikaa sawa, akakunja barua mara mbili akaniwekea mkononi.

Sikuichapa mara ya saba. Jumatatu niliipeleka posta ilivyo, na mstari wake.